Chombo kinachopendeza bandarini kisikuhadae

MTU anayetafuta mashua ndogo ya matanga ya kusafiria huvutiwa kwanza na nafasi: chumba kipana, dari ya juu, vitanda vingi na meza ya kutosha jamaa nzima. Bandarini, ambako maji yametulia, chombo cha namna hiyo hakina mshindani.

Hata hivyo, bahari ina mizani yake. Kila kinachoongezwa ili msafiri astarehe hupunguza kitu kingine, ama kasi ya chombo, ama uwezo wake wa kujiinua kinapolazwa na wimbi.

Somo hilo lilipatikana kwa gharama ya roho za watu mnamo Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet. Mashua 303 ziling'oa nanga Cowes, kusini mwa Uingereza, zikielekea mwamba wa Fastnet ulio kusini magharibi mwa Ireland, ili zizunguke na kurejea hadi Plymouth.

Usiku wa Agosti 13 kuamkia 14, dhoruba kali ilizikumba. Mabaharia 15 walioshiriki mashindano hayo walifariki. Mashua 24 ziliachwa na wenyewe baharini, na tano kati ya hizo zikazama.

Katika daraja la vyombo vidogo zaidi, ni kimoja tu kilichomaliza safari. Kiliitwa Assent, mashua ya aina ya Contessa 32.

Swali lililoulizwa tangu siku hiyo ni kwa nini chombo kidogo kilistahimili pale ambapo vingine viliviringishwa.

SINIA NA CHUPA

Jibu liko katika namna mbili za kupata utulivu majini. Namna ya kwanza ni upana. Sinia likiwekwa juu ya maji huelea bila kuyumba sana, lakini likipinduka hutulia vivyo hivyo likiwa limeangalia chini.

Namna ya pili ni uzito ulio chini. Chupa iliyofungwa vyema, yenye mchanga kidogo ndani, huinama kwa kusukumwa na kidole tu. Hata hivyo, ilaze utakavyo, itasimama tena.

Contessa 32, iliyobuniwa na David Sadler na kuanza kuundwa na Jeremy Rogers mjini Lymington, Uingereza, mapema katika miaka ya 1970, ina tabia ya chupa. Urefu wake ni mita 9.75, na upana wake haufiki mita tatu. Kati ya uzito wake wa takriban kilo 4,300, karibu nusu ni farumi, yaani uzani wa kuzuia chombo kisipinduke, iliyofungwa katika mkuku.

Wataalamu hupima ni nyuzi ngapi chombo kinaweza kuinama kabla ya kupoteza uwezo wa kujiinua. Nyuzi 90 ni pale mlingoti unapolala juu ya maji. Kwa Contessa 32 kipimo hicho hupita nyuzi 150. Mojawapo ya mashua nyepesi na pana za mashindano za wakati huo, iliyolinganishwa nayo, haikufika 120.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Chombo kinachojiinua hadi nyuzi 150 hakina budi kurudi wima karibu mara tu kinapopinduliwa. Kile cha nyuzi 120 kinaweza kubaki kichwa chini kikingoja wimbi jingine likigeuze, na mabaharia wamo chini ya maji.

HESABU NYEPESI

Mnunuzi anaweza kufanya hesabu mwenyewe. Achukue uzito wa mashua kwa tani na kuugawa kwa 1.025, ili apate mita za ujazo za maji ya bahari yanayosukumwa na chombo. Kisha atafute kipeuo cha tatu cha jawabu hilo, na kukitumia kuugawa upana wa mashua kwa mita.

Jawabu likizidi 2, chombo ni chepesi mno kwa upana wake, na hakifai kwa bahari kuu. Kwa Contessa 32 jawabu ni takriban 1.8.

Hesabu hiyo ni ya kuchuja tu, kwani haisemi farumi imewekwa wapi. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 12217, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2002, hupima pia uwezo wa kujiinua, kisha huvigawa vyombo katika makundi manne. Kundi A ni la bahari kuu na D ni la maji yaliyokingwa.

GHARAMA YA USALAMA

Usalama huo nao haupatikani bure. Contessa 32 ina chumba chembamba, na ubavu wake hauinuki sana juu ya maji. Kwa hivyo inapopiga bisho, yaani kusafiri ikielekea upepo, mawimbi huilowesha sitaha na walio juu yake.

Isitoshe, kasi ya mashua nzito hutegemea urefu wa sehemu iliyo majini. Kwa Contessa 32 sehemu hiyo ni kama mita 7.3, hivyo kikomo chake cha kawaida ni maili 6.5 za baharini kwa saa, takriban kilomita 12. Mashua pana na nyepesi inaposukumwa na upepo wa nyuma huweza kuipita kwa urahisi.

Hata starehe yenyewe ina sura mbili. Chombo chepesi na kipana hurushwa na kila wimbi, na msafiri hachelewi kutapika. Kilicho kizito na chembamba huinama zaidi, lakini mwendo wake ni wa taratibu. Anayelala katikati, karibu na mkuku, hupata usingizi kuliko aliye omoni.

Mabaharia wa Lamu na Mombasa wanaijua kanuni hii. Nahodha wa jahazi lisilo na shehena hupakia mawe au mchanga chini kuwa farumi, ili chombo kisiende mrama. Lakini farumi hiyo haikufungwa kwenye mkuku. Ikihamia upande mmoja, huongeza hatari badala ya kuipunguza. Ndiyo maana mizigo hupangwa chini na kubanwa, nao abiria huombwa kuketi.

Kwa anayenunua mashua, basi, swali la kwanza lisiwe vitanda ni vingapi. Aulize uzito uko wapi, na chombo kitarudi vipi kikilazwa.