Kiti cha Baiskeli na Mlima wa Limuru

Mwendesha baiskeli anayetoka Parklands kwenda Naivasha kwa Barabara ya Limuru, akipitia Ruaka, hupanda kutoka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hadi kupita mita 2,200, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, akilipita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kiti kilichomfaa alipozunguka msitu wa Karura kwa saa moja huweza kumtesa kabla hajafika Limuru, na mara nyingi kasoro haimo katika kiti chenyewe bali katika namna kilivyofungwa.

Uzito wa mwili hupaswa kubebwa na mifupa miwili ya chini ya nyonga, ile inayohisiwa mtu anapoketi juu ya ubao mgumu, wala si na msamba, yaani sehemu laini iliyo katikati, ambamo hupita neva na mishipa ya damu. Msamba ukibanwa kwa muda mrefu, ganzi huingia, na ganzi hiyo haifai kuvumiliwa kana kwamba ni desturi ya safari ndefu. Hapo ndipo kiti chenye sponji nene kinapomhadaa mnunuzi, kwa kuwa mifupa huzama, nayo sponji hufura katikati na kuusukuma msamba uleule uliotakiwa kulindwa. Kiti kipana chenye springi cha Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi ya mizigo, kina hekima yake, maana anayeiendesha huketi wima na karibu uzito wake wote huangukia makalio. Lakini anayeinama mbele huugawa uzito huo kati ya makalio, mikono na pedali, na upana wa kiti kama hicho humchubua mapaja.

Urefu hurekebishwa kwanza. Kisigino huwekwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama upande, ili sehemu ya mbele ya wayo itakapokaa kwenye pedali, goti lipinde kidogo, kiasi cha nyuzi 25 hadi 35. Kanuni ya kocha Mfaransa Cyrille Guimard, iliyopata umaarufu kupitia Mmarekani Greg LeMond, huzidisha urefu wa mguu kwa ndani, kutoka msamba hadi sakafuni, kwa 0.883; mwenye sentimita 80 hupata karibu 70.6, zinazopimwa kutoka katikati ya ekseli ya kranki, ile inayozungushwa na mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Bomba la kiti lisivutwe kupita alama iliyochorwa juu yake, kwani fremu huweza kupasuka.

Mwinamo ndio unaodai uangalifu mkubwa zaidi. Kwa kawaida kitabu kigumu hulazwa juu ya kiti na pima maji ya fundi mwashi huwekwa juu yake, baiskeli ikiwa imesimama kwenye sakafu iliyo sawa, hadi kiti kilale sawasawa. Hata hivyo, barabara inayopanda mita 5 kwa kila mita 100 huiinua baiskeli nzima, na ncha ya kiti pamoja nayo, kwa karibu nyuzi 3, kwa hiyo kiti kilicholala sawa barazani Parklands huubana msamba katika mlima wa Limuru. Kwa barabara kama hii, kuishusha ncha kwa nyuzi 1 au 2 ni busara, kwa kuwa kwenye mteremko mwendeshaji anaweza kujiinua na kusimama juu ya pedali. Ikishuka zaidi ya hapo, mwili huteleza mbele na viganja hufa ganzi. Kwenye Black Mamba kibano cha kiti kina meno, na mwinamo hubadilika kwa hatua za meno hayo tu, si kwa kiasi chochote apendacho mtu.

Kiti kikisogezwa nyuma, umbali wake na pedali huongezeka, hivyo hushushwa kidogo. Badiliko moja tu lifanywe kwa wakati mmoja, la milimita chache, baada ya kubandika utepe kwenye bomba kama alama ya mahali pa awali, na spana ibebwe safarini, kwa kuwa bolti hulegea mara nyingi katika kilomita za mwanzo na hutakiwa kukazwa tena.