Shuckle: Kobe asiyejua kupiga anayewatoa jasho mabarobaro wa Changamwe

Ukipita maskani za Chaani au Magongo jioni, stori huwa ni zile zile: mpira, malori na pesa. Lakini siku hizi kuna vijana wameinamia simu wakibishana kuhusu kobe. Si kobe wa Haller Park. Ni Shuckle, kiumbe mdogo mwekundu mwenye shingo ya njano ndefu, anayeishi ndani ya mchezo wa Pokémon. Na ubishi wenyewe si wa mchezo. Nusu ya maskani inasema Shuckle ni mzigo. Nusu nyingine imeshapigwa na Shuckle.

Kwa wale ambao Pokémon waliiacha kwenye katuni za asubuhi: huu mchezo una upande wa mashindano, na ni mgumu kama bao la kete. Kila mchezaji ana timu ya viumbe sita. Kila zamu unachagua pigo au unabadilisha kiumbe, na mwenzako anachagua kwa wakati mmoja bila wewe kujua. Huhitaji kununua Nintendo Switch. Kuna uwanja wa bure unaitwa Pokémon Showdown, unafunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote. Unajipa jina, unatengeneza timu, unaanza na pointi 1,000 kwenye ngazi, na kuanzia hapo ni wewe na akili yako. Bando haliliwi kama unapotazama video. Kwa kijana anayesubiri kuitwa kibarua bandarini, hiyo si hesabu ndogo.

Ngome kubwa, nyumba ndogo

Shuckle alitokea 1999 kwenye Gold na Silver. Kila Pokémon ana namba sita za msingi, na za Shuckle ni za ajabu. Ulinzi wake dhidi ya mapigo ya mwili ni 230. Ulinzi dhidi ya mapigo maalumu, kama moto na umeme, ni 230 pia. Kuna viumbe zaidi ya 1,000 sasa, na kati ya wale ambao mchezaji anaweza kuwatumia hakuna anayemzidi. Halafu shuka chini: nguvu ya kupiga 10, nguvu ya mapigo maalumu 10, kasi 5. Kasi ya 5 ndiyo ya mwisho kabisa, hakuna aliye chini yake. Na uhai wake ni 20.

Hiyo 20 ndiyo inayowapoteza wageni. Mtu anaona 230 mara mbili, anasema huyu ni ukuta, nitamweka mbele akae hapo mpaka adui achoke. Zamu tano baadaye anauliza kobe wake amekufaje.

Tufanye hesabu kidogo. Ustahimilivu wa kweli si ulinzi peke yake, ni ulinzi mara uhai. Kwenye kiwango cha 100, ukimwongezea Shuckle kila kitu kinachoruhusiwa, uhai unafika 244 na ulinzi 614. Ukizidisha unapata kama 149,800. Sasa mchukue Steelix, yule nyoka wa chuma. Ulinzi wake wa msingi ni 200, mdogo kuliko wa Shuckle, lakini uhai wake wa msingi ni 75. Akijazwa vivyo hivyo anafika uhai 354 na ulinzi 548. Zidisha: karibu 194,000. Yaani kwa mapigo ya mwili, nyoka anavumilia kuliko kobe. Mlango wa chuma kwenye nyumba ya makuti bado ni nyumba ya makuti.

Kuna na sumu. Pigo la Toxic halijali ulinzi hata kidogo. Linakata sehemu ya uhai wako: zamu ya kwanza moja ya kumi na sita, ya pili mbili, ya tatu tatu, linapanda hivyo hivyo. Ulinzi uwe 230 au 23, utakufa siku ile ile. Na kwa kuwa Shuckle ni mdudu na mwamba kwa pamoja, maji, mawe na chuma vyote vinamuumiza mara mbili.

Kwa hivyo wanaosema Shuckle ni mzigo wana hoja. Ukimtumia kama ukuta, ni mzigo kweli.

Foleni ya malori

Kazi yake ya kweli ilikuja 2013, mchezo wa X na Y ulipoleta pigo linaloitwa Sticky Web, utando unaonata. Unautandaza chini upande wa adui, na kila kiumbe wake anayeingia uwanjani akikanyaga ardhi anapoteza theluthi moja ya kasi.

Mtu wa Changamwe haelezwi mara mbili. Ni foleni ya malori. Uwe na gari la maana kiasi gani, ukifika barabarani malori yamejipanga unatambaa kama mkokoteni. Nani hajali foleni? Ndege inayoshuka Port Reitz. Ndivyo ilivyo na utando: viumbe wanaoruka na wanaoelea hauwashiki.

Chukua mfano wa Weavile, mmoja wa wenye mbio kwenye mchezo. Akijazwa kasi anafika 383. Akikanyaga utando anabaki na 255. Bisharp, askari mwenye visu mwilini, ni mzito: kasi yake ikijazwa ni 262. Bila utando Bisharp anasubiri kupigwa. Na utando, Bisharp anatangulia, na pigo lake la chuma kwa Weavile wa barafu ni maafa. Tofauti ni pointi saba tu, na zimeletwa na kobe ambaye hajampiga mtu hata kofi.

Pigo la pili ni Stealth Rock, mawe yanayoning'inia hewani na kumchoma kila anayeingia. Kiumbe wa kawaida anapoteza asilimia 12.5 ya uhai. Charizard, ambaye ni moto na anaruka, anapoteza nusu nzima kwa kuingia tu. Hapo sasa hata ndege ya Port Reitz haiko salama.

Mbona Shuckle na si mwingine? Sababu ni kipaji chake cha Sturdy: akiwa na uhai kamili, pigo moja haliwezi kumuua, linamwachia pointi moja. Pamoja na ngome yake, karibu kila mechi anapata zamu mbili. Mbili ndizo anazohitaji. Moja ya utando, moja ya mawe.

Mechi inavyokwenda

Jumamosi moja pale maskani nilitazama pambano la tanboi mmoja wa lori na jamaa wa bodaboda. Aliyeshindwa angenunua mahamri na mbaazi za watu wote, na walikuwa wengi. Wa bodaboda ana timu ya mbio tupu, kama anavyoendesha. Tanboi akafungua na Shuckle. Watu wakacheka.

Zamu ya kwanza, adui akatumia Taunt, pigo linalomkataza mwenzako kufanya lolote isipokuwa kushambulia. Kwa Shuckle hiyo ni sawa na kumfunga mikono. Lakini kobe alikuwa amebeba Mental Herb, jani linaloondoa marufuku hiyo mara moja kisha linakwisha. Utando ukatandazwa. Zamu ya pili akapigwa pigo la maji, akabaki na pointi moja. Mawe yakapanda. Zamu ya tatu akafa.

"Ameenda huyo," mtu akasema.

Ameenda, ndiyo, lakini kiumbe akifa, mwenzake anaingia bila kupigwa. Bisharp akaingia bure. Kuanzia hapo kila aliyeletwa na wa bodaboda alifika amechelewa na ameshachomwa. Akajaribu Defog, pigo linalofagia utando na mawe. Kumbe ndicho tanboi alichokuwa anangoja: Bisharp ana kipaji cha Defiant. Ukimpunguzia chochote, na Defog inampunguzia, nguvu zake za kupiga zinaongezeka maradufu. Mahamri yakanunuliwa.

Wanaojua kumzuia

Nisikudanganye, kobe huyu ana wabaya wake. Wa kwanza ni Hatterene, mchawi mwenye Magic Bounce: utando na mawe yako anayarudisha upande wako. Wa pili ni mapigo yanayogonga mara nyingi mfululizo, kama ya Cloyster, kwa sababu Sturdy inazuia kofi la kwanza tu. Wa tatu ni Excadrill mwenye Mold Breaker, asiyetambua vipaji vya watu.

Halafu kuna viatu. Mwaka 2019, Sword na Shield zilileta Heavy-Duty Boots, viatu ambavyo kiumbe akivaa hakanyagi utando wala hachomwi na mawe. Hiyo ndiyo iliyomshusha Shuckle kuliko adui yeyote. Na kwenye Scarlet na Violet za 2022 hayumo kabisa. Ukimtaka kwenye Showdown, chagua mashindano ya matoleo ya nyuma, au National Dex ambako viumbe wa zamani wanaruhusiwa.

Ukiamua kumjaribu, mambo ni manne. Mweke wa kwanza, asiingie katikati ya mechi akiwa ameshachubuliwa. Mpe Mental Herb. Wenzake wawe wapigaji wazito wenye kasi ya kati, kwa sababu wenye mbio tayari hawahitaji utando. Na weka mzimu mmoja kwenye timu, maana Rapid Spin, pigo jingine la kufagia, halimgusi mzimu.

Woga ama akili?

Lawama kubwa pale maskani ni kwamba kucheza na kiumbe wa kujihami ni woga. Mwanamume apige. Jibu langu ni Washington, D.C., Agosti 2014. Kwenye mashindano ya dunia ya Pokémon, Sejun Park wa Korea Kusini alikuja na Pachirisu, kindi mweupe mwenye mistari ya buluu. Jumla ya namba zake sita ni 405. Ya Shuckle ni 505. Watu waliona mzaha.

Pale wanacheza viumbe wawili wawili. Kazi ya Pachirisu ilikuwa Follow Me, kuyavuta mapigo ya adui yaje kwake ili mwenzake afanye kazi kwa amani. Mwenzake mkubwa alikuwa Gyarados, ambaye umeme ndio kifo chake. Pachirisu ana Volt Absorb: umeme ukimpiga unamponya. Kila alichokiogopa Gyarados, kindi alikinywa kama chai. Park akamshinda Mmarekani Jeudy Azzarelli kwenye fainali, akawa bingwa wa dunia. Pachirisu alichaguliwa kwa sababu timu ile ilikuwa na tundu moja, na tundu lenyewe lilikuwa la umbo lake.

Hapo ndipo ninapowaelewa vijana wa kwetu wanaompenda kobe. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipokatika, na ninajua swali ambalo watu huuliza: huyu anaweza nini sasa? Ni swali la kuhesabu nguvu za kupiga. Halina nafasi ya mtu anayefungua kibanda saa kumi na moja ili wengine wakute chai, wala ya tanboi anayelala chini ya lori ili mzigo ufike Malaba. Kiwanda cha kusafisha mafuta hapa Changamwe kiliacha kusafisha 2013, lakini matangi yake bado yanahifadhi mafuta ya nchi. Kitu kinaweza kupoteza kazi moja kikabaki na nyingine.

Sisemi Pokémon italipa kodi ya nyumba. Hailipi. Lakini nimeona simu zile zile zilizokuwa zikimeza mshahara wa wiki kwenye ndege ya kamari sasa zinashikwa na watu wanaobishana kuhusu 262 na 255. Wanazidisha, wanagawanya, wanapanga zamu tatu mbele. Hasara kubwa kabisa ni sahani ya mahamri.

Wenye mchezo wanasema Shuckle huweka matunda ndani ya ganda lake, yakakaa mpaka yakageuka kinywaji. Mtu wa Pwani analijua jambo hilo, maana mnazi haukimbizwi. Unakinga, unangoja, asubuhi unapanda.

Kwa hivyo ukipata bando leo, jaribu. Utafungwa mechi kumi za kwanza, hiyo ni kawaida. Ya kumi na moja, kobe akishatandaza vitu vyake akafa, usifunge simu. Mechi ndiyo kwanza inaanza.