Presha ya Mama, Damu ya Mtoto

Mama mwenye shinikizo la juu la damu anapojifungua, macho yote huwa kwake: huyu anapima presha, yule anaandaa magnesiamu salfeti. Mtoto akishalia na kupimwa uzito, hudhaniwa kuwa yake yamekwisha. Kwa hakika, mzunguko wake wa damu umekuwa ukijipanga upya kwa muda mrefu.

Katika mimba ya kawaida, kondo la nyuma huipanua mishipa midogo ya mji wa mimba ili damu ipite kwa wingi. Katika hali inayotangulia kifafa cha mimba, ambapo presha hufika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, na protini huonekana katika mkojo au viungo kama ini na figo huathirika, upanuzi huo mara nyingi haukukamilika. Kondo hupata damu haba. Mtoto naye hubana matumizi: ubongo na moyo hupewa kwanza, figo, utumbo na miguu hungoja. Ndiyo maana maji ya uzazi yaweza kupungua na mtoto akazaliwa mdogo.

Mpangilio huo hauondoki kitovu kinapokatwa. Utumbo uliokosa damu huhitaji maziwa ya mama yaongezwe taratibu, hasa kwa njiti. Kwa kukosa oksijeni ya kutosha, mwili huenda umetengeneza chembe nyekundu nyingi mno, damu ikawa nzito: mtoto huwa mwekundu kupita kiasi, huhema haraka, hunyonya kivivu. Chembe sahani zaweza kupungua katika siku za mwanzo, na vidoa vyekundu vya ngozi visipuuzwe. Sukari nayo ipimwe. Magnesiamu aliyopewa mama yaweza kumlegeza mtoto.

Uchunguzi wa watoto waliokua umeonyesha presha iliyozidi kidogo ya wenzao, kwa wastani wa takribani milimita 2 za zebaki. Si hukumu kwa mtoto yeyote, bali ni sababu ya kumpima.

Tatizo kubwa, na la kawaida mno, ni kadi. Hubaki wodi ya wazazi ilhali mtoto amepelekwa kwingine, na anayempokea hajui lolote. Mama aweza kusema mwenyewe: presha yangu ilipanda tangu mwezi fulani, nilitumia dawa hizi, nilichomwa sindano ya magnesiamu saa fulani.