Nzi kwenye picha ya bi harusi, kumbe vumbi!

Leo tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mavazi, nikusimulie kitu kilichoniponza mwenyewe na nusura kinikoseshe kibarua cha wikiendi.

Si unajua kalamu peke yake hailishi? Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikichanganya. Katikati ya wiki naandika, Jumamosi nabeba kamera kwenye harusi za watu. Siku hiyo tulikuwa Coco Beach hapa Dar, maharusi wanameremeta, na upepo wa bahari unavuma kisawasawa. Nikataka picha za karibu, nikachomoa lenzi palepale kwenye upepo, nikapachika nyingine. Kazi ikaendelea.

Wiki iliyofuata nikapeleka picha nyumbani kwa akina bi harusi. Shangazi mtu akavaa miwani, akaangalia ya kwanza, akaangalia ya pili, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu nzi mbona kaganda palepale picha zote?"

Kweli bwana! Kila picha ya ufukweni ilikuwa na doa jeusi juu kulia. Kwingine limetua angani, kwingine limetua kwenye shela jeupe. Hela yangu iliyobaki nikaambiwa nitaipata nzi akishaondoka.

Nikarudi geto kichwa chini. Nikafuta lenzi mpaka ikang'aa. Nikapiga picha, nzi yupo. Nikabadili lenzi, nzi yupo vilevile. Hapo ndipo nilipojua kasheshe limo ndani ya kamera, kwenye sensa.

Sio sensa ya kuhesabu watu kama ile ya mwaka 2022, la hasha. Hii ni ile bapa ndogo iliyo nyuma ya lenzi, inayopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Enzi za mkanda wa filamu kila picha ilipata kipande chake kipya, vumbi likitua linaondoka na kipande hicho. Kamera ya dijitali inatumia sensa ileile leo, kesho na mwakani. Punje moja ikitua kwenye kioo chembamba kinachoifunika, inaingia picha zote, mahali palepale.

Wengine hukaa na ugonjwa huu miezi bila kujua. Tundu la lenzi likiwa wazi sana, mfano f/2.8, doa linafifia mpaka halionekani. Ukilibana mpaka f/16 au f/22 linajitokeza kama chunusi siku ya miadi. Ndiyo maana picha zangu za ukumbini usiku zilikuwa safi, zile za juani ndizo zilizoniumbua.

Basi kwa haraka zangu nikafungua kamera, nikapuliza kwa mdomo, puuu! Mate hayo yakaruka ndani. Badala ya nzi mmoja nikapata ukoo mzima.

Nikamkimbilia mzee mmoja mwenye studio mtaani kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Umeipuliza kwa mdomo, eeh?"

Hata sijafungua mdomo alishajua! Akanikalisha, akanipa somo, na mimi nakupa wewe bure.

PIMA KWANZA

Weka f/22 na ISO 100, kisha piga picha ya anga la bluu au karatasi nyeupe. Usilenge vizuri, acha picha iwe na ukungu, na uitikise kamera kidogo wakati inapiga. Ikuze kwenye kompyuta. Kinachobaki kimekolea ni vumbi la kwenye sensa. Kumbuka kuwa lenzi inapindua picha. Ukiitazama sensa kwa mbele, doa la juu kwenye picha limekaa chini, ila la kulia linabaki kulia.

PULIZA KWA PAMPU

Tafuta kipampu cha mpira cha kupulizia kamera, kile cha kuminya kwa mkono. Hakikisha betri imejaa, maana ikikata katikati ya kazi shata inaweza kujifunga huku kifaa kiko ndani. Funga madirisha, zima feni. Ingia kwenye menyu, chagua kusafisha sensa kwa mkono. Elekeza mdomo wa kamera chini ili vumbi lianguke, minya mara kadhaa bila kugusa ndani, kisha pima tena. Vumbi kavu mara nyingi huishia hapo.

Usitumie hewa ya kopo, inaweza kurusha majimaji yakaganda kwenye kioo. Vijiti vya pamba vya masikio navyo viache masikioni, vinaacha nyuzi.

UKISHINDWA, FUTA KWA MAJI YAKE

Madoa ya mate na mafuta hayaondoki kwa upepo. Kuna vifutio maalumu vilivyofungwa kimoja kimoja, vyenye upana unaolingana na sensa. Sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 inataka cha milimita 24, ile ndogo inataka cha 16 hivi. Dondosha tone moja au mawili ya dawa yake, pitisha mara moja kutoka upande mmoja hadi wa pili, geuza, rudi, tupa. Usirudie kifutio hichohicho, kitakwaruza. Kama mkono unatetemeka, mpe fundi anayeaminika. Mzee alinifutia huku nimeshika roho mkononi.

Usione aibu, hata wakubwa yamewakuta. Olympus walitoa E-1 mwaka 2003, kamera iliyotikisa vumbi yenyewe ndani, na nyingi za leo zina mtikiso kama huo. Lakini Nikon D600 ya mwaka 2012 ililalamikiwa sana kwa madoa, mpaka mwaka 2014 kampuni ikatangaza kuzikagua, kuzisafisha na kubadili shata bure.

Dawa kubwa ni kinga. Ukibadili lenzi zima kamera, ipe mgongo upepo, mdomo wake utazame chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Ufukweni ingia hata ndani ya gari. Na usiku wa kuamkia kazi, piga ile picha ya kupima. Ni dakika tano tu.

Picha zangu je? Nilizifuta madoa kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Za anga zilikuwa nyepesi, unanakili bluu ya jirani unafunika. Shela ndilo lililonikesha, maana nakshi zake zikikosea kidogo tu jicho linanasa. Nami ningefanyaje? Harusi hairudiwi kwa sababu ya mpiga picha mzembe.

Nikazirudisha. Shangazi akavaa miwani, akatafuta weee, akaguna.

"Haya, nzi wako kaenda wapi?"

"Kahama, shangazi."

Akacheka, akafungua kibindo, akanihesabia changu chote. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.