Rekodi za Vivinjari, Zikipimwa Garissa

Rekodi ya Guinness ya programu iliyopakuliwa mara nyingi zaidi ndani ya saa 24 iliwekwa na kivinjari. Kati ya tarehe 17 na 18 Juni 2008, Firefox 3 ilipakuliwa mara 8,002,530. Afrika Mashariki ilikuwa pembeni ya sherehe hiyo: mwaka ule pwani yetu yote haikuwa na waya hata mmoja wa intaneti chini ya bahari. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo kurasa zilipitia setilaiti, kwa bei ya setilaiti, na mtu wa Garissa aliyetaka kupakua megabaiti chache alikuwa na kazi ya kungoja.

Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakishindania kasi. Ukivuka daraja la Tana kuelekea mashariki, kuna maswali mengine ya kuuliza kabla ya kukivika kivinjari taji. Kinakula bando kiasi gani? Kinakubali simu ya miaka mingapi? Mnara ukizimika, kinabaki na nini?

Kwa swali la kwanza, bingwa wa miaka yote ni Opera Mini, na sioni wa kumkaribia. Kampuni ya Opera ya Oslo, Norway, ilikifungulia ulimwengu mzima Januari 2006. Ujanja wake ni huu: ukibonyeza kiungo, simu yako haiendi kwenye tovuti. Ombi linakwenda kwa seva za Opera, seva ndizo zinazouleta ukurasa, zinausaga, zinapunguza picha, kisha zinakutumia kilichobaki. Mzigo unaweza kupungua kwa hadi asilimia 90. Programu yenyewe, katika matoleo ya kabambe za Java, haikufika megabaiti moja. Kwa hiyo simu ya vitufe, ile ya kumulika mwizi, ikawa na uwezo wa kusoma habari za dunia ikiwa Hagadera au Habaswein, kwa shilingi chache. Mwaka 2011 watumiaji wake walipita milioni 100 kwa mwezi, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokipenda zaidi. Hata kwenye simu mguso, wapo wanaofungua ile O nyekundu na kuangalia kwanza hesabu ya data iliyookolewa, kabla ya kusoma chochote.

Ubahili huo una gharama yake. Katika hali ya kubana kupita kiasi, usimbaji wa ukurasa hufunguliwa kwenye seva za Opera, kwa hiyo siri yako haitoki kwenye simu moja kwa moja hadi benki. Na tovuti zenye fomu nzito huchechemea. Ukitaka kulipia cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen, mara nyingi utashauriwa uhamie Chrome, na hapo ndipo bando linapoanza kuvuja.

Sasisho lililoumiza zaidi? Chrome 100, Machi 2022. Tangu 2014 Chrome ya Android ilikuwa na njia yake ya kubana data, ambayo baadaye iliitwa Lite. Toleo la mia lilipokuja, Google iliiondoa. Hoja yao ilikuwa kwamba gharama ya data imeshuka katika nchi nyingi na kwamba wavuti wenyewe umepata njia bora za kujipunguza. Huenda ni kweli kwa wastani wa dunia. Lakini anayenunua bando la siku moja Mandera hanunui kwa bei ya wastani wa dunia.

Mchezo wa kivinjari uliochezwa zaidi huenda ni yule dinosaria wa Chrome anayetokea mtandao ukikatika. Alizaliwa Septemba 2014, alama zake hukomea 99,999, na mwaka 2018 Google ilisema alikuwa akichezwa mara milioni 270 kwa mwezi, wengi wa wachezaji wakiwa sehemu zenye intaneti ghali au ya kubahatisha. Anakimbia jangwani akiruka dungusi kakati. Huku kwetu wangemwekea miti ya mathenge. Kwa Mandera, Wajir na Garissa kukatika mara nyingine hakuna uhusiano na bando: minara imelipuliwa na al-Shabaab mara kadhaa, na baadhi ya watu wa mpakani wakageukia laini za Somalia.

Kuhusu umri wa mashine, hapa nitakaa kidogo. Ingia saiba yoyote ya mji wa Garissa msimu wa maombi ya mikopo ya HELB au nafasi za chuo za KUCCPS. Foleni imetoka hadi kwenye kibaraza, feni inazungusha joto lile lile, na juu ya kioo cha kompyuta pamebaki ukanda unaosema Chrome haitasasishwa tena. Kompyuta ni ya Windows 7. Kwa hiyo, Chrome ya mwisho ni 109, ya Januari 2023. Haifi siku hiyo. Inaendelea kufungua kurasa, mianya ya usalama ikiachwa wazi, huku nywila za watu wazima kwa watoto zikiandikwa humo kutwa nzima. Aliyeonyesha utu ni Firefox: toleo lake la 115, la Julai 2023, liliendelea kupewa viraka vya usalama kwenye Windows 7 muda mrefu baada ya wenzake kuondoka. Kwangu mimi hiyo ni rekodi kubwa kuliko zile milioni nane.

Simu nazo zimefikiwa. Chrome 138 ndiyo ya mwisho kwa Android 8 na 9. Kuanzia 139, ya Agosti 2025, lazima uwe na Android 10. Simu za mtumba zinazobadilishana mikono kambini Dadaab zitaisikia hiyo mapema kuliko za Westlands.

Upande wa ulafi, taji limechukuliwa na akili mnemba. Ili Chrome ya kompyuta iendeshe modeli ya Google, Gemini Nano, ndani kwa ndani, inadai nafasi tupu ya gigabaiti 22. Tuendelee.

Kipengele kilichodharauliwa kuliko vyote, kuhifadhi ukurasa, ndicho ningekipa zawadi. Tangu 2013, mradi wa BHER wa vyuo vikuu vya Kenya na Kanada umekuwa ukifundisha wakimbizi na wenyeji wa Dadaab masomo ya chuo, sehemu kubwa kupitia mtandao. Mwanafunzi akiwa kituoni, kwenye mtandao mzuri, anaweza kuhifadhi ukurasa mzima wa somo pamoja na picha zake, kisha akausoma usiku Ifo au Dagahaley bila hata baiti moja. Chrome ya Android inaifanya kazi hiyo tangu Desemba 2016, na bado nakutana na watu wanaopiga picha za skrini kumi na mbili kwa ukurasa mmoja. Bonyeza nukta tatu juu kulia, kisha mshale unaoelekea chini. Ukurasa utaukuta kwenye faili zako zilizopakuliwa.