AKIBA HII HUOZA

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini iko akiba moja inayooza, nayo ni damu ambayo mtu mwema ameitoa mkononi mwake ili imwokoe mwenziwe asiyemjua.

Zawadi za mwili zinazopotea bure ni tatizo la dunia. Huko Marekani, katika kila figo nne zinazotolewa kwa marehemu ili zipandikizwe, moja hivi hutupwa. Kwetu Tanzania, upandikizaji wa figo ulianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mtoaji ni ndugu aliye hai, ambaye hupimwa sana kabla ya kupasuliwa. Zawadi ya mwili ambayo wananchi wetu wengi huitoa ni damu, na hiyo ndiyo yatupasa kuichunga.

Tumfikirie mwananchi wa Mbalibali, katika Mkoa wa Mara. Mama akijifungua huko na damu ikamtoka kwa wingi, hana saa nyingi za kungoja. Mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria naye vivyo hivyo. Uhai wao wategemea kama jokofu la hospitali wanakokimbizwa lina damu ya kundi lao siku ile ile. Chupa iliyopita muda wake jana haiwafai kitu.

Damu hupoteaje? Kwanza, kwa kupitwa na muda. Damu iliyohifadhiwa kwa dawa ya kawaida, katika baridi ya nyuzi 2 hadi 6, hudumu siku 35 tu. Watu wengi wakijitokeza pamoja tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, kisha wasionekane tena mpaka mwakani, chupa nyingine zitaharibika rafuni, na miezi ifuatayo jokofu litakuwa tupu. Pili, kwa maradhi. Kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Ikikutwa na kimojawapo, hutupwa. Tatu, kwa uzembe. Chupa iliyokaa nje ya baridi zaidi ya nusu saa hairudishwi tena katika akiba, hata kama mgonjwa hakuihitaji.

Basi tufanye nini? Haba na haba hujaza kibaba. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa damu kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Vijiji, shule na makanisa na vipeane zamu, mwezi huu hawa, mwezi ujao wale. Mfugaji wa Mara hakamui ng'ombe wake mara moja kwa mwaka akatumaini kunywa maziwa yale mwaka mzima. Naye mtoaji, akiulizwa habari za afya yake, ajibu kweli tupu. Kuficha ni kujaza chupa itakayomwagwa.

Hospitali nazo zina wajibu wao. Damu inayokaribia mwisho wake itangulie kutumika. Iliyowekewa mgonjwa ambaye hakuihitaji ifunguliwe upesi kwa wengine. Hospitali yenye ziada iipelekee yenye upungufu mapema, siyo siku ya mwisho. Na panapokuwa na mitambo, damu itenganishwe: chembe nyekundu kwa mmoja, na maji yake, yaani plazima, ambayo yakigandishwa hudumu mwaka mzima, kwa mwingine.

Tena twashauri kila hospitali ibandike ukutani, kila mwezi, hesabu ya chupa zilizopokewa, zilizotumika na zilizotupwa, na sababu yake. Wananchi waliotoa damu bila malipo wanayo haki ya kujua ilikokwenda. Wakiona kuwa imemfikia mama aliyekuwa akiihitaji, watarudi tena bila kubembelezwa. Wakisikia kuwa imemwagwa na hakuna aliyejali, nani atawalaumu wakibaki majumbani mwao?