Je, Wajua Uchafu wa Pamba Hupimwa Vipi?

Pamba ikishachambuliwa na kufungwa marobota, bado hubaki na vipande vya majani makavu, maganda ya mbegu na mchanga. Ni kiasi gani? Jibu hutegemea mashine.

Kongwe kati ya mashine hizo ni Shirley, ya taasisi ya utafiti wa pamba ya Manchester, Uingereza. Jina ni la binti wa mbunge William Greenwood, aliyechangia fedha za makao ya taasisi hiyo. Mashine hulishwa gramu 100 za pamba, silinda yenye meno ya waya ikaiparua. Kisha hewa hufanya kazi ya ungo: nyuzi nyepesi hupeperushwa, takataka nzito huanguka kwenye trei, na kilichoanguka hupimwa kwa mizani. Vumbi laini huondoka na hewa. Hujulikana tu kwa uzito unaopungua. Kazi yake ni ya polepole, lakini pamba yote hufunuliwa.

Mashine ya pili, HVI, hutumia kamera. Pamba hukandamizwa kwenye kioo, na kwa sekunde chache mashine hutaja asilimia ya eneo lenye madoa na idadi yake. Kilichojificha ndani hakihesabiwi. Kamera yenyewe hurekebishwa kwa kigae chenye madoa yaliyochapwa, ambayo eneo lake linajulikana.

Ya tatu, AFIS, huchukua nusu gramu tu, ikatenganisha nyuzi na uchafu, na kuhesabu chembe zinapopita kwenye mwanga. Zisizofika mikromita 500 ni vumbi. Zinazozidi hapo ni takataka.

Sasa fikiria jani kavu likipita kwenye meno ya kisafishio kiwandani. Sehemu hutoka, iliyobaki husagika. Shirley itasema uchafu umepungua, huku AFIS ikihesabu chembe nyingi kuliko mwanzo. Zote zinasema kweli. Anayesokota uzi kwa rota, kifaa kinachoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huogopa zaidi hizo chembe ndogo: hujikusanya kwenye mfereji wa rota na uzi hukatika.

Kwa hiyo, kumkata muuzaji bei kwa namba isiyotaja mashine iliyoitoa ni kumdhulumu. Hata HVI mbili zaweza kutofautiana, na ndiyo sababu maabara ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Dar es Salaam, ilifanywa kituo cha kanda cha kusaidia maabara za Afrika Mashariki na Kusini zipate vipimo vinavyolingana.